UZI: Ukiambiwa "jina lako halipo kwenye orodha", swali la kwanza ni: wapi imeandikwa, na kwa sababu gani?

1/
Kila msimu wa midahalo ukifika, kuna hoja moja haikosi: pesa za watu walio na ulemavu. Mmoja atasema ataongeza kiasi. Mwingine atasema ataongeza watu. Wa tatu atajisifu kwamba amefagia majina hewa. Wote watapigiwa makofi. Hakuna atakayeulizwa: na yule aliyeambiwa "hapana" anaenda wapi?

Huu uzi ni wa hiyo "hapana". Sitaji chama wala mwanasiasa. Kama unatafuta vita vya vinara, kuna nyuzi nyingi huko nje.

2/
Kwanza tuelewane kwa maneno. Tukisema "pensheni ya ulemavu" hapa Kenya, watu huchanganya milango mitatu:

– Inua Jamii: msaada wa serikali kwa familia maskini yenye mtu aliye na ulemavu mkubwa.
– NSSF: akiba yako mwenyewe, ukishindwa kabisa kufanya kazi kabla ya umri wa kustaafu.
– Fidia ya kuumia kazini: inatoka kwa mwajiri, au bima yake.

Kila mlango una sheria yake na rufaa yake. Ukigonga usio wako utazungushwa mpaka soli iishe.

3/
Huu wa kwanza ndio unaozua kelele, kwa hivyo nitakaa hapo zaidi. Pesa ni KSh 2,000 kwa mwezi kwa familia, na kiasi hicho kimekaa hivyo kwa zaidi ya miaka 10. Unga umepanda, nauli imepanda, nepi za watu wazima zimepanda. 2,000 imekaa palepale.

Lakini msidharau. Kwa mama ambaye hawezi kwenda kibarua kwa sababu hawezi kumwacha mtoto peke yake, hiyo ndiyo pesa pekee yenye tarehe.

4/
Nani anastahili? Vigezo vikuu kwa lugha ya kawaida: uwe Mkenya, familia iwe maskini, ulemavu uwe mkubwa kiasi kwamba mtu anahitaji mlezi wa kumwangalia muda wote, na nyumba hiyo isiwe inapata pensheni au msaada mwingine kama huu kutoka kwa serikali.

Ona hilo neno "mlezi". Mpango huu haupimi tu mwili wa mtu. Unapima pia kazi ya yule anayemtunza. Shikilieni hapo, nitarudi.

5/
Kitu ambacho kinachanganya watu wengi: KADI SI ORODHA.

Ile kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu unapata baada ya tathmini ya hospitali. Inathibitisha kwamba una ulemavu, na ina faida zake. Lakini kuwa nayo hakukuingizi Inua Jamii moja kwa moja. Watu wamekaa na kadi miaka wakisubiri pesa ambayo hawakuwahi kuiomba. Ni maombi mawili tofauti. Na hakuna hata moja linalostahili "ya chai".

6/
Sasa, tatizo lenyewe. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wa umri wa miaka 5 kwenda juu walio na ulemavu, yaani asilimia 2.2. Familia zinazolipwa kwenye mpango huu ni makumi ya maelfu.

Tuwe wakweli: si wote 900,000 wana ulemavu mkubwa, na si wote ni maskini. Huwezi kutoa moja kwa nyingine ukasema "hawa wote wamenyimwa". Lakini mtu yeyote ambaye amewahi kuketi kwenye baraza la chifu siku ya kusomwa majina anajua kwamba wanaostahili ni wengi kuliko nafasi.

7/
Na hapo ndipo "hapana" inazaliwa. Shida ni kwamba Kenya tuna "hapana" za aina tatu, na zote zinatoka mdomoni zikisikika sawa:

A. "Hustahili." Umepimwa, ukaonekana huna vigezo.
B. "Unastahili, lakini nafasi zimejaa."
C. "Rudi wiki ijayo." Hakuna aliyeamua chochote.

Mama aliyesimama pale ofisini anasikia kitu kimoja tu: jina lako halipo. Anarudi nyumbani. Hajui kama amekataliwa, amewekwa foleni, au fomu yake iko chini ya meza.

8/
Kwa nini hii tofauti ni muhimu? Kwa sababu dawa ni tofauti.

A inajibiwa na ushahidi: walikosea kunipima.
B inajibiwa na siasa ya bajeti: kwa nini nafasi ni chache?
C inajibiwa na barua: amueni, sheria imewawekea muda.

Ukipeleka dawa ya A kwa ugonjwa wa B, utakusanya ripoti za daktari mpaka uzeeke na hakuna kitakachobadilika. Kwa hivyo kabla ya kukata rufaa lazima ujue umeambiwa "hapana" gani. Na njia pekee ya kujua ni kuipata kwa maandishi.

9/
Je, una haki ya kuidai hiyo karatasi? Ndiyo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya kupata uamuzi wa kiutawala ulio wa haraka, halali, wa busara na uliofuata utaratibu wa haki. Kifungu kidogo cha pili kinaongeza: kama haki yako imeathiriwa, au inaelekea kuathiriwa, na uamuzi huo, una haki ya kupewa sababu KWA MAANDISHI.

Hakijasema "kama afisa ana nafasi". Hakijasema "kama unamjua mtu". Na hakijabagua ofisi ya Nairobi na ile ya kijijini.

10/
Halafu kuna Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015. Wengi hawaijui, na ndiyo iliyoweka meno kwenye Kifungu cha 47.

Kifungu chake cha 6 kina jambo tamu sana. Ukiomba sababu kwa maandishi na ofisi ikanyamaza, kesi ikifika mahakamani itachukuliwa kwamba uamuzi ule ulifanywa BILA sababu nzuri, mpaka wao wathibitishe vinginevyo.

Yaani kimya chao kinageuka kuwa ushahidi wako. Lakini ni lazima uwe uliomba, na uwe na nakala ya kuonyesha uliomba.

11/
Mfano ninaoujua kwa karibu. Jirani yetu kule nyumbani ana kijana wa miaka 19 mwenye mtindio wa ubongo. Mara mbili aliambiwa jina halipo, nafasi zimejaa. Mtaa mzima uliamini ni mambo ya ukoo na undugu.

Likizo ya Desemba tuliketi naye tukaandika barua ya ukurasa mmoja kuomba sababu. Jibu lilikuja baada ya kufuatiliwa mara kadhaa, sentensi moja tu: hajatimiza vigezo kwa kuwa mhusika "anatembea mwenyewe".

12/
Ona hapo. Siku zote walikuwa wakimwambia B (nafasi zimejaa), kumbe kwenye faili ilikuwa A (hustahili). Angeendelea kusubiri nafasi ifunguke, na isingemfungukia kamwe.

Na ni kweli kijana anatembea. Ndiyo shida yenyewe! Anatembea mpaka barabarani. Hawezi kujilisha, hawezi kujua moto ni moto, usiku halali. Mama hajalala usiku mzima kwa miaka. Fomu iliuliza kuhusu miguu, na mpango unauliza kuhusu mlezi.

13/
Sasa alijua la kupinga. Hakuandika "mnaonea maskini". Alirudi hospitali ya kaunti akaomba ripoti mpya inayoeleza siku ya kijana huyo: nani anamlisha, nani anamwosha, nini kinatokea akiachwa saa moja. Akaambatanisha barua ya mwalimu aliyewahi kumfundisha na ya naibu wa chifu.

Maombi yakapokewa upya na akapimwa tena. Pesa bado hazijaanza kuingia, sitawadanganya. Lakini leo, mwaka mzima baadaye, faili inasema anastahili. Hilo si jambo dogo: ametoka A akaingia B, na B ni vita tofauti.

14/
Kwa hivyo ukiandika rufaa, andika kuhusu KAZI YA MLEZI. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi. Siku tatu mfululizo, andika kila kitu unachomfanyia mtu wako tangu alfajiri: kumgeuza, kumlisha, kumpeleka choo, kumpa dawa, kumzuia asijiumize. Andika na saa.

Daktari anamwona dakika 15. Wewe unamwona saa 24. Rufaa nyingi hushindwa kwa sababu hizo saa 24 hazikuwahi kuingia kwenye faili.

15/
Barua ya kuomba sababu si lazima iwe ya wakili. Nakili hii, jaza yako:

"Kwa Afisa wa Maendeleo ya Jamii, Kaunti Ndogo ya ____.
Mimi ____, kitambulisho nambari ____, ni mlezi wa ____. Niliomba aandikishwe katika Inua Jamii mnamo tarehe ____. Nimeambiwa kwa mdomo kwamba jina lake halipo.
Chini ya Kifungu cha 47(2) cha Katiba na kifungu cha 6 cha Sheria ya Haki katika Hatua za Kiutawala ya 2015, naomba kwa maandishi: (a) kama amepatikana kustahili au la, (b) sababu za uamuzi huo, (c) nakala ya fomu yake ya tathmini, (d) ofisi ninayoweza kupelekea rufaa.
Sahihi, tarehe, nambari ya simu."

16/
Sheria za mtaa kuhusu hiyo barua:

– Peleka nakala mbili. Yako ipigwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Bila mhuri, wewe hukuenda.
– Wakikataa kuipiga mhuri, itume kwa barua pepe au kwa posta ya rejesta uhifadhi risiti.
– Andika jina la kila afisa uliyeongea naye na siku.
– Usitoe nakala yako ya mwisho kwa mtu yeyote, hata akiwa na suti.
– Nenda na shahidi. Kamati za maslahi ya walengwa ziko katika maeneo mengi. Ulizia nani anakaa kwenye yenu.

17/
"Lakini yeye hajui kuandika." Sawa. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inasema ombi la habari linaweza kuwa kwa Kiswahili ama Kiingereza, na kama mtu hawezi kuandika kwa sababu hakusoma au ana ulemavu, afisa wa habari anapaswa kumsaidia na kuliandika ombi lake la mdomo.

Chini ya sheria hiyo ofisi ina siku 21 za kukujibu. Fomu ya tathmini ya mtu wako ni habari. Orodha ya vigezo ni habari. Idadi ya nafasi za lokesheni yenu ni habari. Ombeni.

18/
Wakinyamaza ama wakikujibu ovyo, kituo kinachofuata ni Tume ya Haki ya Utawala, ile watu huita ofisi ya Ombudsman. Kazi yake ni malalamishi dhidi ya ofisi za umma: kucheleweshwa, kupuuzwa, kuonewa. Ndiyo pia inayosimamia hiyo sheria ya habari. Malalamishi hayalipiwi.

Haina uwezo wa kukutumia 2,000. Ina uwezo wa kuiandikia ofisi barua ambayo haiwezi kuwekwa chini ya meza. Kwa "hapana" ya aina ya C, mara nyingi hicho ndicho kinachohitajika.

19/
Mahakama je? Ipo, lakini ni ya mwisho. Sheria ya 2015 inataka kwanza umalize njia za rufaa zilizo ndani ya ofisi yenyewe, isipokuwa kuna sababu ya kipekee. Ndiyo maana zile nakala zenye mhuri ni dhahabu.

Habari njema iko katika Kifungu cha 22 cha Katiba: kesi ya haki za msingi inaweza kufunguliwa na mtu mwingine kwa niaba ya asiyeweza kujisimamia, hakuna ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kupokea hata maombi yasiyo rasmi. Tangu 2016 pia tuna sheria ya msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo wa kulipa wakili.

Usitarajie jaji akuandikie hundi. Kawaida atafuta uamuzi mbovu na kuirudishia ofisi iamue tena, safari hii vizuri.

20/
Sasa kuna kundi ambalo midahalo hulisahau kabisa: waliokuwa kwenye orodha wakaondolewa.

"Tumefagia majina hewa" ni mstari mtamu jukwaani. Na ni kweli, pesa za marehemu zikiliwa na walio hai ni wizi. Lakini ufagio haujui jina hewa na jina lenye kosa la herufi moja. Mlezi akifariki na mwingine hajaandikishwa, pesa hukwama. Kitambulisho kikiwa na jina tofauti na la benki, hukwama. Mgonjwa akiwa amelazwa mbali siku ya uhakiki, mwenyewe yuko hai lakini faili linasema hayupo.

21/
Na hapa sheria iko wazi kuliko mahali pengine. Kama uamuzi utakuumiza, sheria ya 2015 inataka upewe notisi MAPEMA pamoja na sababu, na nafasi ya kujieleza, KABLA hujaondolewa.

Kwa hivyo mwanasiasa akijisifu kwamba ameondoa majina maelfu, swali la kumuuliza si "kwa nini umewaondoa". Muulize: wangapi walipewa notisi kwanza? Wangapi walipinga? Wangapi walirudishwa? Kama hana jibu la hayo matatu, hatujui alifagia nini.

22/
Turudi kwa "hapana" ya B, ile ya nafasi zimejaa, kwa sababu hii ndiyo ya siasa yenyewe.

Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya hifadhi ya jamii, na serikali itawasaidia wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Wanasiasa hujibu: "hiyo ni hatua kwa hatua, pesa hakuna". Sawa, haki hizi hutimizwa kwa hatua. Lakini someni Kifungu cha 20(5): serikali ikisema haina rasilimali, ni jukumu la SERIKALI kuonyesha hazipo. Si la mama kuthibitisha zipo. Na katika kugawa kilichopo, lazima iangalie walio hatarini zaidi.

23/
Kwa usawa, kifungu hichohicho kinawafunga mahakimu pia: hawawezi kuingilia mgao wa bajeti kwa sababu tu wao wangegawa vingine. Kwa hivyo B haishindwi mahakamani kwa urahisi. Inashindwa pale Bunge linapopitisha bajeti.

Hesabu si ngumu. 2,000 mara 12 ni 24,000 kwa familia kwa mwaka. Familia 10,000 zaidi ni KSh milioni 240 kwa mwaka, kabla ya gharama za usimamizi. Mtu akikuahidi ataongeza familia 10,000, sasa unajua bei. Muulize inatoka wapi.

24/
Kuna hoja ya upande wa pili ambayo lazima nijibu: "Ukimpa kila mtu haki ya rufaa, maafisa watashinda wakijibu barua badala ya kuandikisha watu. Na rufaa haizai pesa."

Nusu yake ni kweli. Rufaa haizai pesa. Lakini tazama inazaa nini: kila "hapana" ya B iliyoandikwa ni namba. Zikusanye kata kwa kata na unapata idadi ya Wakenya ambao serikali yenyewe imekiri wanastahili na haijawalipa. Hiyo ndiyo namba ambayo mbunge hawezi kuitoroka wakati wa bajeti. "Hapana" ya mdomo haina namba. Inapotea hewani pamoja na vumbi la baraza.

25/
Wengine wanafanyaje? Afrika Kusini wana ruzuku ya ulemavu na sheria yao ya 2004 inampa aliyekataliwa siku 90 za kukata rufaa, na rufaa husikizwa na jopo lililo huru na wale waliomkataa. Si paradiso, wana malalamiko yao. Lakini mtu anajua siku zake, na anajua mlango.

Hapa kwetu mlango wa tatu, ule wa kuumia kazini, tayari una siku kama hizo. Kwa hivyo msiambiwe haiwezekani.

26/
Kwa walioumia kazini, wekeni hii: chini ya sheria ya fidia ya 2007, usipokubaliana na uamuzi wa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini una siku 60 za kuandika pingamizi. Anapaswa kukujibu ndani ya siku 14. Bado hujaridhika? Una siku 30 kutoka jibu lake kwenda Mahakama ya Ajira na Leba. Aliyelemaa kabisa na kwa kudumu hufidiwa kwa kiasi cha mishahara ya miezi 96.

Wengi hupoteza haki hapa kwa sababu ya kalenda tu. Mwajiri anasema "tutaongea, wewe pona kwanza", na wewe unapona huku siku zinaisha.

27/
Na kwa NSSF, kwa kifupi: hii ni michango yako. Huombi msaada, unadai chako. Lazima madaktari wathibitishe kwamba huwezi tena kufanya kazi, na uwe ulichangia vya kutosha. Ukikataliwa, dai kwa maandishi kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokwama, afya ama michango. Kama ni michango, angalia taarifa yako. Mara nyingine mwajiri alikata kwenye payslipu na hakuwasilisha. Hapo ugomvi wako ni na mwajiri, si daktari.

28/
Kwa hivyo mdahalo unaofuata, iwe ni wa ubunge, ugavana ama meza ya chai, acheni kuuliza "utaongeza ngapi?" peke yake. Ulizeni haya matatu:

– Kila anayekataliwa Inua Jamii atapata barua yenye sababu? Ndani ya siku ngapi?
– Nani atasikiza rufaa, na je, ni yuleyule aliyekataa?
– Mtatangaza kila mwaka, kaunti kwa kaunti, idadi ya waliopatikana kustahili na hawajalipwa?

Hakuna hata moja linalohitaji mabilioni. La kwanza linahitaji karatasi na mhuri.

29/
Kuongeza pesa ni ahadi, na ahadi inaweza kungoja uchaguzi mwingine. Sababu kwa maandishi si ahadi ya mtu, iko kwenye Katiba tangu 2010. Unaweza kuidai Jumatatu asubuhi.

Kama kuna mtu kwenu ambaye amekuwa akienda na kurudi kwa ofisi hizi, usimtumie huu uzi tu. Chapisha ile barua ya nambari 15, keti naye, mjaze pamoja, msindikize mpaka ipigwe mhuri.

Maswali wekeni hapa chini, nitajibu ninayoweza. Mwisho.